Gari la Babu: Chuma Chakavu au Turathi ya Kaunti?

Maboma mengi katika Kaunti ya Kajiado yana gari ambalo halijaondoka mahali pake kwa miaka mingi. Huenda ni Land Rover iliyokuwa ikipeleka dawa za mifugo, Peugeot 404 iliyobeba abiria wa Namanga, au pikapu iliyosimama siku injini ilipokataa kuwaka na haikuguswa tena. Kuku hutagia kwenye kiti cha nyuma, watoto hucheza na usukani, na nyasi huota hadi kwenye madirisha. Kisha siku moja mnunuzi wa vyuma vikuukuu hupita na mizani yake. Bei hukubaliwa kwa kilo, na ifikapo jioni gari limekatwa vipande, tayari kupelekwa katika viwanda vya kuyeyusha chuma.

Makala haya yanaeleza kwa nini mkazi anapaswa kufikiri mara mbili kabla ya kukubali bei hiyo. Yanaeleza pia stakabadhi zinazohitajika, jinsi ya kulitunza gari la kale bila gharama kubwa, na hatua zinazoweza kugeuza mkusanyo wa mtu binafsi kuwa makavazi yanayopokea wageni. Jambo la kushika ni moja: sheria ya turathi hailindi magari ya kale moja kwa moja. Mlinzi wa kwanza wa gari hilo, na mara nyingi wa pekee, ni mwenye gari na familia yake.

Gari la kale ni lipi?

Kila gari bovu si gari la kale. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hutumia vipimo vitatu: gari liwe na umri wa miaka 30 au zaidi, liwe limehifadhiwa katika hali inayolingana na historia yake, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Kwa kipimo hicho, gari lililoundwa mwaka 1990 limeshavuka mpaka.

Neno muhimu hapo ni "hali inayolingana na historia yake". Gari lenye injini yake ya awali, hata kama haiwaki, lina thamani kubwa kuliko lile lililobadilishwa kila kitu likabaki na jina tu. Ndiyo sababu mwenye gari anashauriwa asiharakishe kulipaka rangi mpya, kubadilisha viti au kuweka injini ya gari jingine. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa gari la kale, upya usiofikiriwa ndio kidonda chenyewe.

Umaarufu wa jina si kipimo. Watu wengi wakisikia makavazi ya magari hufikiria Rolls-Royce na Jaguar. Magari hayo ya kifahari yana watu wa kuyatunza popote duniani. Yanayotoweka upesi ni magari ya kawaida, kwa kuwa hakuna aliyedhani yangefaa kuhifadhiwa. Fikiria matatu za zamani ambazo abiria walikaa kwa kutazamana. Neno lenyewe "matatu" linatokana na nauli ya mapeni matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalum ya uchukuzi. Kanuni za usalama zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, maarufu kama Sheria za Michuki, zilidai mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na magari mengi ya aina hiyo yakaondoka barabarani. Mzazi anayetaka kumwonyesha mtoto wake gari hilo leo atalipata wapi likiwa zima?

Kajiado katika historia ya magari

Kaunti yetu ina mengi ya kusimulia kuhusu safari na vyombo vyake. Reli ya kutoka Konza hadi Magadi, iliyokamilika mwaka 1915 ili kusafirisha magadi, ilipita katika mji wa Kajiado. Barabara ya kutoka Athi River kupitia Kitengela, Isinya, Kajiado na Bisil hadi Namanga ni sehemu ya njia kuu inayotuunganisha na Arusha na nchi za kusini. Watalii waliokwenda Amboseli walipita njia hiyo, na vivyo hivyo wafanyabiashara wa mifugo, maafisa wa serikali na familia zilizohamia Kitengela wakati ambapo wengi waliufahamu mji huo kwa jina la Noonkopir.

Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, pia yaliacha alama hapa. Katika miaka ya mwisho kabla ya mashindano hayo kuondolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, madereva walishindana katika sehemu za Oltepesi na Olepolos. Mashindano yaliporejea kwenye ratiba hiyo mwaka 2021, makao yake yalikuwa Naivasha. Wakazi waliosimama kando ya njia wakifunikwa na vumbi bado wako nasi, ila kumbukumbu zao hazijaandikwa popote.

Historia hiyo ina funzo. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Lilikuwa gari lililokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Lililoachwa na mmoja likawa ushindi wa mwingine.

Kuna na funzo la pili. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari la Kenya. Magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa kwa umma Kasarani mwaka 1990. Yaliyoundwa yalikuwa matano tu ya majaribio, na mradi haukufikia uzalishaji wa wingi. Kitu kilichotengenezwa mara tano hakina cha akiba, na kila kimoja kikipotea hupotea na sehemu ya historia ya taifa.

Sheria inalinda nini, na haigusi nini

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa vitu vya kale vile vinavyohamishika ambavyo vilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake katika Afrika Mashariki. Karl Benz alipata hataza ya gari lake la petroli huko Ujerumani mwaka 1886, miaka tisa tu kabla ya hapo. Kwa hiyo magari tunayoyaona katika maboma yetu hayamo katika ulinzi huo.

Sheria hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba kitu fulani chenye umuhimu wa kihistoria au kitamaduni kilindwe. Hata hivyo, tangazo la namna hiyo hutolewa kwa kitu mahususi. Mpaka litolewe, gari ni mali ya kawaida na mwenyewe anaweza kuliuza, kulikata au kulitupa.

Linganisha hali hiyo na Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi. Mashoka ya mawe yaliyochimbuliwa hapo na Louis na Mary Leakey kuanzia miaka ya 1940 yako chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na mtu hawezi kuyaokota akaenda nayo nyumbani. Shoka la mawe lina sheria ya kulilinda. Land Rover ya babu haina, ingawa zote ni zana ambazo watu wa Kajiado walizitegemea katika maisha yao.

Serikali za kaunti nazo zina nafasi yao. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linazipa kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni na huduma za burudani kwa umma, zikiwemo maktaba na makavazi. Mkazi ana haki ya kupendekeza makavazi katika mikutano ya ushirikishwaji wa umma wakati wa kutayarisha Mpango wa Maendeleo ya Kaunti wa miaka mitano na bajeti ya kila mwaka. Pendekezo lenye picha, orodha ya magari na kiwanja kinachojulikana lina uzito kuliko ombi la mdomo.

Kwa nini likienda halirudi

Kiwango cha Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, kinachojulikana kama KS 1515, hakiruhusu kwa kawaida kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Lengo ni usalama barabarani na kupunguza moshi unaochafua hewa. Lakini kanuni hiyo ina maana nyingine kwa wapenda magari ya kale: si rahisi kuagiza Peugeot 404 ya mwaka 1966 kutoka ng'ambo ili kujaza pengo la ile iliyokatwa Isinya. Idadi ya magari ya kale yaliyomo nchini inaweza kupungua, na ni vigumu iongezeke.

Aidha, gari lililoletwa kutoka ng'ambo lisingekuwa na historia ileile. Magari mengi ya zamani yaliunganishwa humu nchini, Thika, Nairobi na Mombasa, na mafundi Wakenya. Land Rover iliyounganishwa Thika na kutumika miaka thelathini katika nyika za Kajiado ina makovu yake: kibao cha namba cheusi, taa ya pembeni iliyobadilishwa na fundi wa mtaani, na jina la duka lililofifia mlangoni. Hayo hayaagizwi.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Kabla ya kufikiria makavazi, anza na stakabadhi.

Kwanza, tafuta kitabu cha gari. Linganisha namba ya chesisi na ya injini iliyoandikwa humo na iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Namba za usajili zilizotolewa kabla ya mwaka 1989 zilikuwa na herufi tatu zikifuatwa na tarakimu, bila herufi ya mwisho. Ukiona namba ya aina hiyo, usiibandue. Ni sehemu ya utambulisho wa gari na hukusaidia kufuatilia rekodi zake.

Pili, kama kitabu kimepotea, piga ripoti katika kituo cha polisi, upate hati ya polisi, kisha ombi la kitabu kingine lipelekwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, ambayo huduma zake hupatikana kupitia eCitizen. Kwa magari ya zamani sana ambayo rekodi zake zilikuwa kwenye karatasi, jiandae kutoa nakala zozote ulizo nazo: bima za zamani, risiti za leseni ya barabara, hata picha zinazoonyesha namba.

Tatu, kama mwenye gari alifariki, familia ielewe jambo ambalo huwakosesha wengi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilipoanza kutumika mwaka 1981, ilitenga wilaya kadhaa, Kajiado ikiwemo, ambako ardhi ya kilimo na mifugo ya mtu asiyeacha wosia ingefuata mila. Gari si ardhi wala mifugo. Wazee wa ukoo wanaweza kukubaliana juu ya ng'ombe, lakini gari la marehemu hupitia mahakamani. Familia huanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi, kisha huomba hati ya usimamizi wa mirathi. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hati hiyo kwa kawaida huthibitishwa miezi sita baada ya kutolewa, na hapo ndipo NTSA inaweza kuhamisha umiliki.

Kijana anayeuza gari la marehemu babake kwa mnunuzi wa vyuma bila hati hiyo anaweza kushtakiwa kwa kuingilia mali ya marehemu. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinataja faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Zaidi ya hapo, atatakiwa kulipia alichokitwaa.

Nne, tafuta cheti cha kuzaliwa cha gari. Hifadhi ya kumbukumbu ya British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza, hutoa kwa malipo cheti kinachoonyesha siku gari lilipoundwa na nchi lilikotumwa, kwa aina kama Land Rover, Austin, Morris na MG. Mwombaji hutakiwa kutoa namba ya chesisi. Ndiyo sababu namba hiyo haipaswi kusuguliwa wala kupakwa rangi nzito.

Kulitunza bila gharama kubwa

Si lazima gari liwake ndipo lihifadhiwe. Kazi ya kwanza ni kuzuia lisiharibike zaidi.

Adui mkubwa ni kutu, nayo huhitaji maji na hewa. Hali ya ukavu ya Kitengela na Kajiado hutusaidia, lakini udongo mweusi wa tambarare zetu hunyonya maji wakati wa mvua na kubaki na unyevu kwa muda mrefu. Gari lililozama kwenye udongo huo huoza kutoka chini. Liinue juu ya mawe imara au stendi za chuma, mahali penye sakafu ya kokoto au saruji. Hilo pia huzipunguzia uzito springi na tairi.

Lijengee kibanda cha mabati kilicho wazi pembeni. Epuka kulifunga kwa karatasi ya nailoni, kwa kuwa jasho hukusanyika ndani na kulikutisha kutu upesi kuliko lingebaki wazi. Vumbi nalo lifutwe kwa brashi laini, maana hushikilia unyevu kwenye maungio ya bodi.

Ondoa betri. Toa petroli yote kwenye tangi, kwani huharibika baada ya miezi michache, huziba kabureta na ni hatari ya moto. Funga mianya ya bomba la moshi na kichungi cha hewa kwa wavu ili panya wasiingie. Kama injini bado inazunguka, tia mafuta kidogo kwenye silinda na uizungushe kwa mkono kila mwezi.

Ukiamua kuliwasha, kumbuka mambo mawili. Kenya iliacha kutumia petroli yenye madini ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Injini nyingi za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya vali. Fundi anayejua kazi ataweka viti vya chuma kigumu zaidi, au atakushauri uendeshe kwa mwendo wa pole na safari fupi. Jambo la pili ni breki. Vitambaa vya breki vya zamani mara nyingi vilikuwa na asibesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usipulize vumbi hilo kwa hewa ya kompresa. Lilowanishe, lifute, na uvae barakoa.

Oili chafu na betri zilizokufa zisimwagwe wala kutupwa shambani. Zikusanywe kwenye vyombo vinavyofungwa na kukabidhiwa wanaoruhusiwa kuzishughulikia.

Kutoka mkusanyo hadi makavazi

Magari matano chini ya bati ni mkusanyo. Hugeuka kuwa makavazi mgeni anapoweza kuingia salama, akaona, akaelewa alichokiona, na akaondoka akijua jambo ambalo hakulijua.

Kila gari liwe na kadi yake: limeundwa wapi na lini, lilinunuliwa na nani, lilifanya kazi gani, lilisimama lini na kwa nini. Warekodi wazee waliolitumia wakiwa bado hai, kwa Kimaasai, Kiswahili au lugha yoyote waipendayo. Dereva aliyepeleka wagonjwa hospitalini kwa pikapu moja katika kijiji kizima ana hadithi yenye thamani kuliko injini yenyewe. Mkusanyo usiokuwa na hadithi huwa kama gereji tu.

Kwa upande wa serikali, anayetaka kufungua milango kwa umma anahitaji kibali cha biashara cha kaunti. Kama kiwanja kilikuwa cha makazi au kilimo, ni lazima aombe kibali cha kubadilisha matumizi chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Usalama wa moto, ambao pia ni jukumu la kaunti, uzingatiwe tangu mwanzo: njia mbili za kutokea, vizima moto vinavyofaa mafuta, na matangi matupu. Vyoo na maji safi visisahaulike. Gari lolote litakalotoka kwenda barabarani, hata mara moja kwa mwaka, lazima liwe na bima ya mtu wa tatu na liwe katika hali inayokubalika kisheria.

Kwa anayeogopa kuwa mkusanyo wake ni mdogo, makavazi ya Beaulieu, Uingereza, yalianza mwaka 1952 wakati Lord Montagu alipoweka magari matano kwenye ukumbi wa nyumba yake kumkumbuka babake. Leo yana magari zaidi ya 250. Huko Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa yanaonyesha magari yaliyotumiwa na Mwalimu Julius Nyerere, na wageni wengi huyakumbuka kuliko vitu vingine. Karibu na sisi, Makavazi ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamehifadhi garimoshi ambazo zingeyeyushwa zamani.

Na kwa anayedhani kukusanya peke yake kunatosha, kuna kisa cha Mulhouse, Ufaransa. Ndugu wawili wa familia ya Schlumpf, wenye viwanda vya nguo, walikusanya kimyakimya magari zaidi ya 400. Viwanda vilipoanguka, wafanyakazi waliokuwa wakipoteza ajira waliingia mwaka 1977 na kuyakuta yamepangwa chini ya taa za mapambo. Serikali iliyatangaza kuwa turathi mwaka 1978 ili yasitawanywe kulipa madeni, na mwaka 1982 umma ukafunguliwa milango. Mkusanyo huo uliponea chupuchupu. Mkusanyaji wa hapa na aandike wosia mapema, au asajili amana au kampuni itakayoyamiliki magari, ili siku akiondoka yasigawanywe kama viti vya sebuleni.

Kuna faida gani kwa wakazi?

Kitengela iko kwenye njia ya wageni wanaokwenda Amboseli na Arusha, na si mbali na Nairobi. Kaunti hii pia ina ushahidi wake kwamba kilichotupwa kinaweza kuwa riziki: tangu miaka ya 1980, karakana ya vioo iliyoanzishwa na msanii Nani Croze imekuwa ikigeuza vioo vikuukuu kuwa kazi za sanaa ambazo watu husafiri kuziona. Anayesimama kuona vioo anaweza pia kusimama kuona magari, akanunua shanga, akala chakula na kujaza mafuta hapa.

Faida kubwa zaidi ni ujuzi. Mafundi wa jua kali wanaojua kurekebisha kabureta, kunyoosha bodi kwa nyundo na kushona viti vya ngozi wanazeeka, kwa sababu magari ya leo huendeshwa na kompyuta. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Mwanafunzi anayefungua injini ya zamani huona kwa macho kila sehemu inavyofanya kazi: vali ikifunguka, cheche ikiruka, petroli ikichanganyika na hewa. Akielewa hapo, mitambo ya kisasa haitamtisha. Shughuli kama mashindano ya urembo wa magari ya Africa Concours d'Elegance, yanayofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, huonyesha kwamba kuna watu walio tayari kulipia kazi safi ya mikono.

Kabla ya kumwita mwenye mizani

Kuuza chuma chakavu si kosa, na si kila gari litaokolewa. Mara nyingine familia inahitaji karo, au gari limeoza kabisa. Ukifikia uamuzi huo, fuata hatua hizi.

Piga picha za gari pande zote, pamoja na namba zake, na uulize wazee historia yake. Hata gari likienda, kumbukumbu zibaki.

Muulize mtu anayejua magari ya kale thamani yake kabla ya kukubali bei ya kilo. Vipuri pekee, kama taa, saa za dashibodi na nembo, vinaweza kuzidi bei ya chuma chote, na huenda vikaokoa gari jingine la aina hiyo.

Hakikisha mnunuzi ana leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na kwamba anaandika jina na kitambulisho chako kwenye daftari lake. Biashara hii iliwahi kusimamishwa nchini kuanzia Januari hadi Mei 2022 kutokana na uharibifu wa miundombinu ya umeme, na mwenye leseni halisi hatakasirika ukimwomba akuonyeshe.

Usimkabidhi mnunuzi kitabu cha gari wala vibao vya namba. Vikiangukia mikononi mwa wahalifu vinaweza kulivisha gari la wizi utambulisho wa gari lako. Wasiliana na NTSA usajili ufutwe.

Na kama bado una shaka, subiri. Gari lililosimama miaka ishirini halitapungukiwa kitu likisubiri mwezi mmoja zaidi juu ya mawe. Fika katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako uulize kuhusu vibali na mikutano ya ushirikishwaji wa umma, zungumza na jirani mwenye gari kama lako, na mpeleke mjukuu akalione. Anaweza kuuliza swali ambalo hukuwahi kujiuliza: lilikuwa likienda wapi?